Mvua ndani ya kasha la redio

Jumatatu, 6 Julai 1998

Nuru amepanga rezista zangu zote za redio mkekani kwa rangi. Za mistari ya kahawia huku, za mistari myekundu kule. Sasa hivi tu, nilipogeuka kukoroga maharagwe. Halafu akanitazama, kama anasubiri nimsifu. Nikamsifu. Hakusema kitu. Ana miaka mitatu na nusu, na tangu Aprili hajasema kitu.

Zamani alikuwa kasuku. Tulipompeleka Kajaga, ufukweni, alisimama pale maji yanapoishia na kila wimbi alilipigia kelele. Maji inarudi! Maji inarudi! Watu wakacheka. Baba yake akacheka kuliko wote.

Naandika nyuma ya daftari la Saidi, mume wangu, fundi redio. Mbele ni redio za watu, nani ameleta na inaumwa nini. Nyuma kulikuwa kweupe. Shule niliacha darasa la sita, mwandiko wangu ndio huu. Hakuna atakayeusoma.

Ukurasa wa katikati kuna mchoro wake. Vyumba sita, waya kutoka kimoja kwenda kingine. Aliuona mfano wake kwenye gazeti la Kifaransa lililofungiwa redio ya mteja wa mtaa wa Kiriri. Picha ya mzungu mbele ya mashine yenye waya kama tambi. Kila chumba kina kazi yake moja, na mtu anaunga anavyotaka. Haipigi wimbo. Inatoa upepo, maji, kitu cha mbali. Saidi akasema, hizi ni redio zetu, mke wangu, zimefunguliwa tu. Alitaka kutengeneza ndogo, ya kwanza mjini. Nilimcheka. Nani atakaa kusikiliza upepo wa betri?

Sasa mi ndiye ninayeutaka.

Mizinga ya waasi milimani ikianza, Nuru halali. Anakaa macho wazi, mikono masikioni, mpaka adhana. Lakini Aprili na Mei mvua ilipopiga mabati, alilala. Ilifunika kila kitu. Sasa ni kiangazi. Mpaka Septemba hakuna tone.

Mvua nitaitengeneza. Mtoto akilala, atasema. Hakuna aliyeniambia hivyo. Naamini tu.

Jumatano, 8 Julai

Nimepata kasha. Redio ya mbao, matumbo yake yalikufa zamani. Refu kama kutoka kiwiko mpaka vidole. Lisizidi hapo.

Kila nyumba hapa Buyenzi ina furushi nyuma ya mlango. Letu lina blanketi, sufuria, karatasi za kuzaliwa, unga, msahafu wa Mama, mkwe wangu. Siku ya kukimbia, Nuru mgongoni, furushi kichwani, mkono mmoja wa kumshika Mama. Unabaki mkono mmoja. Mashine ni ya mkono huo. Kwa hiyo ni ndogo au haipo.

Nikiweka spika na betri, inabaki nafasi ya vyumba vinne. Saidi alichora sita.

Mvua, lazima. Chujio, lazima, maana bila chujio mvua inakwaruza sikio kama mchanga kwenye bati. Pumzi pia, ndiyo inayopandisha sauti na kuishusha polepole. Mwangwi unataka utepe wa kaseti unaozunguka, mkubwa mno, nimeufuta. Vimebaki viwili na nafasi ni moja. Mlango, unaofungua sauti na kuifunga. Na Mluzi.

Mluzi ndio pekee ulio tayari. Saidi aliutengeneza kwa mkono wake mwenyewe, kule Carama tulikokuwa tunaishi, mwezi wa tatu.

Najua ninachohitaji. Najua pia ninachotaka. Jibu sijaandika.

Ijumaa, 10 Julai

Nalehemu kwa msumari. Msumari mkubwa wa paa, nimeuchomeka kwenye gunzi la mahindi, nauweka kwenye makaa ya mbabula, jiko letu, chini ya sufuria. Ukiwa mwekundu nahesabu mpaka tano, nagusa bati la kulehemu, linayeyuka. Nikichelewa, limeganda. Maharagwe na transista moto mmoja. Leo nimeunguza kidole na maharagwe.

Chuma cha kulehemu hakipo. Niandike kwa nini. Sijawahi kuandika.

Tulipokimbia Carama, Aprili, tulikuja hapa kwa Mama na nguo tulizovaa tu. Kesho yake Saidi akarudi kwa baiskeli, akaja na sanduku la kazi. Yeye na sanduku, salama. Mi nikafungua sanduku, nikapekua, nikasema, chuma hakimo. Akasema atanunua kingine. Nikasema, utanunua wapi na embargo hii, bidhaa haziingii? Nenda upesi kabla hawajavunja mlango. Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu. Akanywa chai amesimama, akaenda.

Saa sita barabara ilifungwa.

Hakurudi.

Jumapili, 12 Julai

Mvua imenyesha!

Saidi alinifundisha. Transista ukiiunga kinyume, na betri mbili kwa mfuatano, haifanyi kazi yake. Inavuja. Ule uvujaji ukiukuza unasikia shiii. Si kila transista. Nimejaribu kumi na moja. Nyingine bubu, nyingine zinakohoa. Ya kumi na moja, kutoka redio ya muuza samaki, ikamwaga mvua nzima. Nikaweka chujio, nikazungusha kitufe polepole. Ukali ukaondoka. Mvua ya Aprili kabisa, ile ya alasiri inayokaa.

Nikaongeza sauti. Mara nasikia miguu uani. Mama Divine, mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, ndiyo kwanza ametoka kanisani. Anakimbia na gauni lake la misa, anakusanya muhogo aliouanika, watoto wake wanabeba ungo. Kisha akasimama katikati ya jua, akatazama juu.

– Mama yangu we! Mvua gani hii hailoweshi mutu?

Nikamwonyesha. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na gauni lile.

– Mama Nuru, we ni muchawi. Siku nyingine uniambie kwanza, nitege ndoo!

Nuru alikuwa mlangoni. Alitazama kasha, akatazama mbingu, akatazama kasha. Akaja akaweka shavu juu ya spika.

Jumanne, 14 Julai

Amelala. Jana usiku milimani mizinga iligonga mpaka alfajiri na amelala. Mvua kando ya kichwa chake. Mi ndiye sikulala, nilikuwa namsikiliza anavyopumua.

Leo nimemaliza Pumzi. Ni taa ndogo inayowaka na kufifia, mbele yake jicho la kuona mwanga, nililitoa kwenye kamera mbovu. Vyote nimevifungia ndani ya kipande cha mrija mweusi wa baiskeli. Nimetoboa tundu dogo ili nione taa inavyokwenda. Taa ikiwaka, sauti inapanda. Ikififia, inashuka. Sauti inafuata mwanga gizani, peke yao wawili. Napenda sana kazi hii. Naona aibu kuipenda hivi.

Mama, mkwe wangu, hapendi. Anapita, anaangalia sanduku la mwanawe limefunguliwa, anafyonza. Leo amesema wake za watu wakati kama huu wanasoma Kurani, hawachezi na waya.

Wakati gani, Mama? Sikumwuliza. Ningemwuliza angelia. Hatujui tuko wakati gani. Sikukaa eda. Shehe alisema subiri, mtu hajaonekana, hajazikwa, huwezi kumlilia kama maiti. Kwa hiyo mi si mjane. Mke pia sijui kama ni mke. Navaa kanga za kila siku na watu hawajui waniambie pole au waniulize habari za nyumbani.

Alhamisi, 16 Julai

Nimewasha Mluzi.

Nilisema najaribu tu kama bado mzima. Ni mzima. Saidi alipokuwa anapima redio alipiga mluzi kidogo, sauti mbili, ya juu halafu ya chini, kama mtu anayemwita mwenzake dirishani. Mluzi huu aliupima kwa mluzi wake. Vitufe viko palepale alipoviacha. Sauti mbili. Juu. Chini.

Nimekaa nao asubuhi yote. Maji ya kufulia yamepoa. Nikauchanganya na mvua na nikaanza kumsikia ndani. Si maneno. Ni kama mtu yuko upande wa pili wa mvua, anaegesha baiskeli. Nikazima. Nikawasha. Yupo. Nikamwambia, chuma hakina kazi, nimepata msumari, rudi tu.

Nimesema kwa sauti. Nuru alinitazama.

Nimeamua. Chumba cha nne ni Mluzi. Mlango basi. Nitafanya mawimbi ya Kajaga kwa huohuo Mluzi, nikiushusha chini kabisa na kuupa Pumzi. Itawezekana. Lazima iwezekane.

Jumamosi, 18 Julai

Niandike yote.

Saa kumi alasiri. Nuru amelala chumbani. Nikaunga Pumzi kwenye Mluzi, nikashusha Mluzi mpaka mwisho. Nilitaka wimbi zito la mbali. Kasha lilikuwa juu ya meza, na meza ile ya mbao ikaongeza uzito wake. Nikafungua sauti yote nisikie vizuri.

Bum. Kimya. Bum.

Sijamaliza kufikiri, nasikia Mama Divine anapiga ukelele uani.

– Wameshuka! Watoto, furushi! Furushi!

Uwanja ukawa mtupu kabla mtu hajafunga kanga vizuri. Nyumba ya pili wakatoka. Ya tatu. Mtaa mzima, magodoro, mbuzi, mzee mmoja na saa ya ukutani.

Na mi. Hili ndilo linaloniua. Mi pia nilibeba furushi nikakimbia. Mashine iko mbele yangu, nimeiunga kwa vidole vyangu, inagonga usoni kwangu, na mwili wangu haukuuliza. Nilifika langoni na blanketi na sufuria. Mgongo mwepesi. Nuru!

Nikarudi ndani. Kitanda kitupu. Nilipoinama, yuko chini ya kitanda, ukutani kabisa, amejikojolea, ameng'ata mkono wake mwenyewe mpaka alama. Na kutoka mezani, bum. Bum. Na kila bum, taa ndogo inawaka kwenye tundu la mrija.

Ndipo nilipojua ni mashine.

Nikang'oa betri. Kukawa kimya. Nikatoka na kuwaita watu warudi, ni mi, ni mashine, samahani, rudini. Wengine walicheka kile kicheko cha kutaka kulia. Mwanamume mmoja wa mtaa wa pili alitaka kunipiga.

– We mwanamuke! Bomu zao hazitutoshi? Umetuundia na ya betri?

Mama aliangukia mtaroni. Kiganja cha kulia kimevimba. Nilipokuja kumwinua alinipa mkono wa kushoto na hakunitazama. Tulipofika ndani alisema mara moja tu.

– Ulimutoa mwanangu kwa sababu ya hilo sanduku. Leo umetutoa sisi. Litoke.

Kumbe alijua. Siku zote alijua ni mi niliyemtuma.

Jumapili, 19 Julai

Nuru hataki kushikwa na mi. Anakaa kwa Mama.

Jumatatu, 20 Julai

Sanduku liko nje chini ya mabati ya kuku. Sikulitupa. Sikuliingiza.

Mama Divine amekuja na mchicha. Anataka aseme kitu, anazungukazunguka. Mwishowe akasema watoto wake wanaulizia mvua. Siku zile za mvua, kupitia ukuta, walilala na wao. Yeye pia. Nikamwambia, umesahau juzi ulivyokimbia? Akasema hakusahau, kiatu chake kimoja mpaka leo hakijaonekana.

– Mvua haikuniogopesha. Hata pale ilipoanza sikuisikia inaanza. Niliikuta tu imo. Lakini ile ya juzi ilianza mara moja, kama mlango umepigwa teke.

Akaenda. Nimekaa na maneno yake mpaka mchicha umenyauka.

Ni kweli. Mluzi ule niliufanya uanze ghafla. Chochote kinachoanza ghafla, masikio ya hapa yanakiita bomu. Hayaulizi ni kitu gani, yanauliza kilivyoingia. Kajaga wimbi halianzi. Unalikuta linakuja.

Wimbi halikuwa ndani ya Mluzi hata siku moja. Liko ndani ya mvua. Mvua ileile, inapanda polepole, inashuka polepole zaidi, na Mlango wa kuizuia isiingie kwa kishindo. Saidi aliuchora karibu na mvua kabisa. Mi niliufuta kwa sababu nilitaka sauti ya mume wangu.

Nilitaka mashine ya kwangu na nikasema ni ya mtoto.

Jumatano, 22 Julai

Nimetoa Mluzi kwenye kasha. Skrubu nne. Nililia kwa kila moja, upuuzi.

Natengeneza Mlango hapa nje, na kuku. Kapasita kubwa kuliko zote nilizonazo. Inajaa umeme polepole kama mtungi kwenye bomba dogo, na mpaka ijae mlango haufunguki wote. Hakuna namna ya kuuharakisha. Hata nikiukosea, utachelewa tu.

Ijumaa, 24 Julai

Baada ya sala Mama alikuja nje. Kiganja amefunga kitambaa. Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nikafikiri amekuja kuuliza kwa nini sanduku halijatoka. Nikaanza kuomba msamaha, wa juzi, na ule mwingine. Wa chuma. Nikasema, Mama, ni mi niliyemwambia aende.

Akasema anajua, alikuwa jikoni, alisikia. Akasema pia yeye ndiye aliyempa chai anywe upesi.

Kuku wanapita kati yetu.

Kisha akaulizia kile kilichokuwa kinapiga mluzi wiki iliyopita. Alikisikia kupitia ukuta na hakula siku ile. Nikasema kiko ndani ya kitambaa, nimekitoa. Akasema, washa. Nikamwonya. Akasema, washa, mwanangu, kidogo tu.

Nikakiwasha kwa spika ndogo, vitufe alivyoviacha Saidi. Juu. Chini. Mama alifumba macho. Midomo ilikuwa inakwenda, sijui dua, sijui jina. Juu. Chini. Halafu akanishika mkono kwa kile kiganja kinachouma, tukasikiliza mpaka akasema basi.

Amekichukua. Amekifunga ndani ya kanga yake ya arusi, amekiweka sandukuni mwake. Bila betri.

– Huyu tumwache hapa. Na hilo lako liingize ndani, kuku watalinyea.

Jumapili, 26 Julai

Adhuhuri. Mama ameenda kwa dada yake. Mama Divine yuko kanisani na watoto wake. Uwanja ni wangu na sufuria. Milima imekuwa ikigonga tangu asubuhi, mchana kweupe, upande wa juu ya Kinama. Mbali.

Mashine iko chumbani na Nuru. Nimeiwasha na kutoka nje, ili nisimsimamie usoni. Jana alikubali nimwogeshe. Leo alibeba kasha mwenyewe, kwa mikono miwili, akaliweka kitandani. Linabebeka.

Kutoka hapa ninalisikia wimbi. Halianzi. Linakuwa tu limekuja, linajaa, linavuta pumzi juu, linarudi likikokota changarawe. Nimelipima kwa kukumbuka, sina kipimo kingine. Miguu yetu sote watatu majini, na suruali ya Saidi imekunjwa mpaka magotini. Anaonekana vizuri leo. Hapigi mluzi. Amesimama tu.

Vyumba vinne, kasha limejaa, na bado nafikiria. Chujio lingekuwa na kitufe kidogo zaidi, kingetosha kidole cha mtoto. Ningeunda la pili kwa watoto wa Mama Divine, lenye mvua tu, na chuma cha kweli cha kulehemu kikipatikana siku moja nitaweza

Kuna mtu ananiita ndani. Si Mama, Mama hajarudi. Langoni hakuna mtu. Ni sauti ndogo, ina kutu, kama kitu kilichokaa muda mrefu bila kuguswa. Inasema mama. Inasema, mama, njoo, maji ina